Shajara ya mradi: kisanduku cha mwaka 1986 kati ya Start Point na Prawle Point

Jumamosi, 8 Februari 2025

Tunachotafuta ni kisanduku kimoja cha chuma kilichofichwa mwaka 1986 kando ya njia ya pwani ya kusini mwa Devon, Uingereza, baina ya mnara wa taa wa Start Point na rasi ya Prawle Point. Ndani yake, kama bado kipo, mna daftari na muhuri wa mpira. Anayekipata hugonga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lake, hugonga muhuri wake mwenyewe kwenye daftari la kisanduku, kisha hukirudisha palepale kama alivyokikuta. Hakuna zawadi.

Fumbo la kukifikia limepigwa kwa taipureta kwenye nusu ya karatasi. Nimepewa na mzee mmoja wa hapa Plymouth aliyetembea nyika za Dartmoor tangu ujana wake, na sasa magoti hayamruhusu tena. Kisanduku kilifichwa na rafiki yake ambaye ameshafariki. Mzee alisema ni miaka mingi hajasikia mtu aliyekifikia, na angependa kujua kama bado kipo. Nimeichukua kazi hiyo kwa moyo wote, na binti yangu wa miaka kumi na minne amekubali kuwa mshika dira.

Mchezo huu ni wa hukuhuku Devon. Mwaka 1854 James Perrott, mwongozaji wa wasafiri kutoka kijiji cha Chagford, aliacha chupa huko Cranmere Pool, kaskazini mwa Dartmoor, ili waliofika waweke kadi zao za majina kama ushahidi. Baadaye watu wakawa wanaacha postikadi zenye anwani zao wenyewe, na anayefuata anazichukua na kuzipeleka posta. Ndiyo maana mpaka leo huitwa visanduku vya barua, ingawa barua zilikwisha zamani na kazi sasa ni ya mihuri. Huko Dartmoor viko vingi mno. Hapa pwani ni vichache, na vya zamani kama hiki ni nadra zaidi.

Namba za fumbo sitaziandika. Atakayelitaka alitafute kwa wenye nalo, ndiyo heshima ya mchezo. Maana yake kwa ufupi ni hii: maji yakiwa yamepwa sana, tembea njiani kuelekea Prawle mpaka jiwe jeusi lenye mgongo uliopasuka likae sawasawa chini ya ncha ya rasi. Simama hapo. Elekeza dira nyuzi kadhaa, hesabu hatua kadhaa, kisha tafuta bamba la jiwe lililolalia jiwe jingine.

Leo tulikwenda kuiona njia tu. Nilikuwa nimeshatazama jedwali la maji: mwezi ulifika robo ya kwanza katikati ya wiki, kwa hiyo bahari ilikuwa maji mafu, haijai sana wala haipwi sana, na jiwe halikuonekana. Binti aliuliza kwa nini basi tumekuja. Nikamwambia mvuvi huijua njia ya kurudi kabla hajatia ngalawa majini.

Njia yenyewe ni kipande cha South West Coast Path, yenye urefu wa kilomita 1,014 kutoka Minehead mpaka lango la bandari ya Poole. Ilikanyagwa na walinzi wa pwani waliokuwa wakiwawinda wafanya magendo, nao walilazimika kuchungulia kila kighuba, ndiyo maana inapanda na kushuka bila huruma. Nguzo zake zina alama ya tunda la mwaloni. Kutoka Start Point unapita ufuko wa Great Mattiscombe, kisha Lannacombe, halafu ardhi inakuwa tambarare. Hapo pana jambo la kutazamwa vizuri. Mashamba yametandaa karibu na maji, na nyuma yake umesimama ukuta wa miamba ambao zamani ulikuwa ndio ukingo wa bahari, siku maji yalipokuwa juu kuliko leo. Unatembea mahali palipokuwa ufuko.

Kwa kuwa mchana ulikuwa bado, tulirudi tukashuka upande wa pili wa Start Point mpaka Hallsands. Nilitaka binti apaone. Mwaka 1891 kilikuwa kijiji cha wavuvi wa kaa chenye nyumba 37, zimepangwa juu ya mwamba, na mbele yake ufuko mpana wa kokoto. Mwaka 1897 serikali iliruhusu kokoto zichimbwe baharini mbele ya kijiji kwa ajili ya kupanua bandari ya jeshi la wanamaji ya Keyham, hapa kwetu Plymouth. Walioruhusu walidhani bahari itarudisha kilichochotwa. Haikurudisha. Ufuko ukashuka, wavuvi wakalalamika, na kibali kilifutwa mwaka 1902, lakini kinga ya kijiji ilikuwa imeshaondoka. Tarehe 26 Januari 1917 upepo mkali wa mashariki ulikutana na bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, na dhoruba ilipokwisha ilibaki nyumba moja tu ya kukaliwa. Hakufa mtu hata mmoja. Tulisimama kwenye jukwaa la kutazamia, kuta zilizobaki zikiwa chini yetu. Mimi hupita karibu na bandari ile kila wiki nikienda kazini, na sasa najua baadhi ya kokoto zilizomo zilitoka wapi.

Jumamosi, 15 Februari

Mwezi mpevu ulikuwa Jumatano, kwa hiyo leo ni bamvua. Kwetu Tanga bamvua hupwa asubuhi, saa nne hivi, na akina mama wanaookota chaza hawahitaji jedwali kulijua hilo. Pwani hii ina saa yake. Bamvua hapa hupwa mchana, kati ya saa sita na saa nane, na tofauti ya kujaa na kupwa ni zaidi ya mita 4. Tulifika mapema tukangoja, tukinywa chai ya chupa, migongo yetu ikiwa kwenye ukuta wa shamba kukwepa upepo.

Jiwe lilitoka. Kwanza povu lilikatika mahali pamoja, kisha mgongo mweusi ukajitokeza, na kadiri maji yalivyoshuka ufa ukaonekana wazi. Binti ndiye aliyeliona kwanza. Tulitembea polepole kuelekea Prawle, jicho kwenye jiwe na ncha ya rasi, hatua moja moja, mpaka vikakaa pamoja. Wavuvi wetu hufanya vivyo hivyo wakitafuta mwamba wenye samaki, wanalinganisha mnazi na mnara wa msikiti, na mistari hiyo haidanganyi kwa kuwa haitegemei chombo chochote. Tukaweka fimbo pale.

Kuanzia hapo mambo yakawa magumu. Tulifuata nyuzi za fumbo kwa uangalifu na tukahesabu hatua. Zilitupeleka upande wa bara, katikati ya vichaka vya miiba yenye maua ya manjano, chini kidogo ya ule ukuta wa miamba ya kale. Hakukuwa na bamba la jiwe. Tulizunguka duara la mita 10, tukainama, tukachungulia kila upenyo bila kung'oa wala kusogeza kitu. Ziko kanuni: hutafuti ndani ya kuta za mawe za mashamba, hugusi magofu, huharibu mimea. Mawe yote pale yalikuwa madogo na yamezama ardhini. Hakuna mtu ambaye angesimama hapo na kusema, hapa ndipo.

Tuliondoka jua likiwa chini. Binti alisema, “Baba, jiwe ni lenyewe. Kitu kingine ndicho kimekosea.” Nimeliandika neno lake kama alivyolisema.

Jumatano, 12 Machi

Ramadhani. Hatutoki, maana njia ile ni ya kupanda na kushuka na sitaki mtoto atembee kutwa na swaumu kwa jambo linaloweza kungoja. Isitoshe, huu ni msimu wa ndege kuanza kuatamia. Mashamba ya Prawle ni miongoni mwa ngome za cirl bunting, ndege mdogo ambaye dume lake lina kichwa chenye mistari ya manjano na nyeusi, aliyekaribia kutoweka Uingereza nzima. Kwa hiyo vile vichaka havitaguswa tena na sisi, kisanduku kiwemo au kisiwemo.

Jana baada ya futari nilimpigia simu shemeji yangu, Mombasa. Alikuwa baharia wa meli za mizigo mpaka alipostaafu. Nilimweleza yote, toka mwanzo. Akasikiliza, kisha akauliza swali moja.

“Shemeji, fumbo lenu lina umri gani?”

“Karibu miaka arobaini.”

“Basi mnatafuta kaskazini ya mwaka 1986 kwa dira ya leo. Haipo tena mahali pale.”

Sindano ya dira haionyeshi ncha ya dunia. Inafuata sumaku ya dunia, nayo hutokana na chuma kilichoyeyuka kinachozunguka chini sana ya miguu yetu, kwa hiyo kaskazini yake huhama mwaka hadi mwaka. Mabaharia wanaliishi jambo hili. Kila chati ya bahari imechorwa duara la dira, na ndani yake imeandikwa tofauti ya kaskazini mbili, mwaka ilipopimwa, na kiasi inachobadilika kila mwaka. Nahodha anayetumia chati ya zamani hufanya hesabu kwanza ndipo ashike usukani. Watembea kwa miguu wengi hawana habari, maana kwa safari ya siku moja haidhuru kitu.

Usiku huohuo tulikaa mezani na kikokotoo cha British Geological Survey, taasisi ya jiolojia ya Uingereza. Mwaka 1986 sindano ya dira katika pembe hii ya Devon ilikuwa ikielekea magharibi ya kaskazini halisi kwa nyuzi 6 na kitu. Leo haifiki nyuzi 1. Kwa hiyo nyuzi zilizoandikwa kwenye fumbo zinatakiwa kupunguzwa karibu 6 kabla ya kuzitumia na dira yetu. Inaonekana ndogo, lakini kila mita 100 unayotembea inakutoa karibu mita 10 nje ya mstari, na fumbo letu linakwenda zaidi kidogo ya mita 200. Tulitafuta kwa bidii kwenye duara la mita 10, na kisanduku kilikuwa mita 20 kutoka pale.

Na upande je? Nilichora. Ukielekea Prawle bahari iko kushoto, na kupunguza nyuzi ni kugeukia kushoto. Kisanduku kiko upande wa baharini, mbali na vichaka, kwenye vile vichwa vya mwamba vinavyochomoza kando ya njia. Mwamba wa pwani ile ni wa matabaka membamba, unaopasuka kwa mabamba. Bamba lililolalia jiwe! Sikupata usingizi haraka.

Jambo jingine nililolisoma na likanifurahisha: mwezi wa Novemba 2022, katika kijiji cha Langton Matravers, pwani ya Dorset, kaskazini tatu zilikutana kwenye mstari mmoja, yaani ile ya dunia, ya dira na ya ramani (ile ya mistari ya wima iliyochorwa kwenye ramani). Ilikuwa mara ya kwanza tangu Uingereza ianze kuchora ramani zake. Kijiji hicho kiko jirani na njia hiihii ya pwani, si mbali na mwisho wake.

Ijumaa, 21 Machi

Kazi ndogo za nyumbani. Tumepima hatua. Binti aliuliza, “Hatua za nani, baba? Zako au zangu?” Nikampigia mzee. Rafiki yake, amesema, alikuwa mrefu kuliko yeye, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea nyika. Tulinyoosha kamba ya mita 50 bustanini tukatembea, kila mtu kwa mwendo wake. Hatua zangu zitatufikisha pafupi kidogo, kwa hiyo tutaongeza.

Binti amemaliza kuchonga muhuri wetu kutoka kwenye kifutio kikubwa. Ni ngalawa, tanga limejaa, mrengu, ule ubao wa pembeni unaozuia ngalawa isipinduke, upande mmoja tu kwa kuwa nafasi haikutosha. Tumeujaribu kwa wino wa buluu. Unapendeza kweli.

Jumapili, 30 Machi

Sikukuu. Eid imeandama na bamvua ya mwezi mwandamo, na sisi watu wa pwani hatuoni ajabu yoyote: mwezi ni mmoja. Usiku wa kuamkia leo saa za Uingereza zilisogezwa mbele, kwa hiyo kupwa kulikuwa karibu na saa nane mchana. Tuliswali, tukasalimiana na watu, mke wangu akatufungia kaimati na sambusa kwenye bakuli lenye kifuniko, tukaondoka sote watatu.

Jiwe lilikuwa pale, kavu zaidi kuliko Februari. Mstari ulikaa sawa. Binti alizungusha dira, akaniomba nithibitishe, akasema namba kwa sauti. Mke wangu alihesabu hatua, mimi nikatembea. Mstari ulipita kando ya njia, ukakata nyasi fupi, ukaishia kwenye kichwa cha mwamba kinachonifika kifuani, umbali mzuri kutoka ukingoni. Upande wake wa magharibi, usioonekana na anayetembea njiani, bamba moja pana lilikuwa limeegemea jingine, na chini yake giza.

Nilimwachia binti. Alilala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani, akanyamaza, kisha akasema, “Kuna chuma.”

Ni kisanduku cha risasi cha jeshi, aina iliyopendwa sana na watu wa Dartmoor kwa kuwa kifuniko chake kina mpira wa kuzuia maji. Rangi ya kijani imebaki kwenye kona tu, kwingine kutu. Kishikio kiligoma, tukakibembeleza. Ndani mlikuwa na mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko chupa ya mdomo mpana, na ndani ya chupa daftari na muhuri umefungwa kwa kitambaa. Muhuri ni kaa, magando juu, umechongwa kwa mkono na mtu aliyewajua kaa vizuri. Ghuba ya Start ni ya wavuvi wa kaa tangu enzi za Hallsands, na aliyechonga hakuchagua picha hiyo kwa bahati.

Pedi ya wino iliyokuwemo imekauka kuwa jiwe. Tulitumia yetu. Kaa wa buluu sasa yuko kwenye daftari letu, na ngalawa ya Tanga iko kwenye lao, chini ya mwandiko wa mtu aliyepita mwaka 2009. Baada yake hakuna aliyeandika. Kurasa za nyuma zimepata unyevu na zimeshikana, lakini za mwanzo zinasomeka, na ukurasa wa kwanza kabisa una jina la rafiki wa mzee, tarehe, na maneno kwamba siku hiyo upepo ulikuwa wa kusini magharibi na waliona pomboo wanne.

Tulipiga picha ukurasa huo. Tukala kaimati palepale. Kisha kila kitu kikarudi kwa mpangilio uleule, bamba juu ya jiwe, nyasi zikainuliwa kwa mikono.

Jumamosi, 5 Aprili

Kwa mzee. Nilimpa simu aitazame picha. Aliuvuta mwandiko ukawa mkubwa, akasoma tarehe, akakaa kimya muda, kisha akaanza kucheka, akisema pomboo walikuwa watatu na rafiki yake alibishana naye siku nzima. Binti alimwonyesha muhuri wa ngalawa. Akataka kujua mrengu ni wa nini, naye akaelezwa vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi.

Nilimuuliza kama tunaweza kulirekebisha fumbo, maana likibaki hivi kila mwaka litampeleka mtu mbali zaidi kidogo. Alikubali kwa masharti mawili. Maneno ya rafiki yake yasiguswe, zibadilishwe namba tu. Na namba mpya zipimwe kutoka kaskazini ya ramani, si ya dira, tena mwaka wa kupima uandikwe. Nilikuwa nimepanga kuomba hayohayo. Daftari jipya ametoa yeye: la karatasi isiyolowa, alilolinunua zamani kwa kisanduku chake mwenyewe ambacho hakuwahi kukificha. La zamani litabaki humohumo pamoja nalo.

Jumanne, 15 Aprili

Shule zimefungwa, na bamvua ya mwezi mpevu imeingia, kupwa saa nane na nusu hivi. Tulipima mwelekeo mara kadhaa kutoka kwenye fimbo hadi kwenye mwamba, kwenda na kurudi, mpaka namba zikakubaliana, kisha tukazigeuza kuwa za kaskazini ya ramani. Umbali tumeuandika kwa mita, kwa kamba, ili hatua za mtu mrefu zisimsumbue mtu mfupi. Daftari jipya, pedi mpya ya wino na mpira mpya wa kifuniko vimo ndani. Kutu tumeisugua nje tu. Ndani chuma bado ni kizima.

Yaliyobaki: mwenye ardhi amejulishwa kwa barua na tunangoja jibu lake kabla ya kumpa mtu yeyote nakala. Fumbo jipya limechapwa, lina mwaka 2025 chini ya ule wa 1986. Nakala moja iko kwa mzee, na mjukuu wake, ambaye hajawahi kushika dira, atakuwa wa kwanza kulijaribu jibu likija, bamvua ya mwisho wa mwezi. Binti amekwisha mwambia asituulize chochote.